Fundi wa Nyumba Yenye Alama

Paa la nyumba ya Fundi halikuwa na msumari hata mmoja. Aliyepita njiani aliona mawe juu ya mabati, mawe ya kuinuliwa kwa mikono miwili, akadhani humo anakaa fukara aliyekosa misumari. Sivyo. Misumari alikuwa nayo. Alipanda mwenyewe na nyundo, akaing'oa mmoja mmoja, akainyoosha, akaitia kwenye kopo na kulisukuma chini ya kitanda. Nilimwuliza sababu. Akasema, "Siku wakija, mzee, sitaki kubishana na misumari. Natupa mawe, nashusha bati, naondoka."

Wakija. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Hakuwataja ni nani, na hakukuwa na haja ya kuwataja. Ni watu wa kubomoa.

Alizaliwa lini na ni wa ukoo gani, waulizeni ndugu zake kule Kondoa. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta hapa Nkuhungu, naandika niliyoyaona kwa macho, na macho yangu hayajapata miwani.

Mwanzo hakuwa hivyo. Fundi alikuwa mwashi, na nyumba nyingi za mtaa wetu zimesimama kwa mkono wake. Jengo la mashine yangu ya kusaga ni mojawapo. Mimi nilishuka kutoka Kibakwe na jembe begani na darasa la nne kichwani, nikafyatua tofali za watu mpaka nikanunua mashine yangu, na kwa maneno simwogopi mtu. Lakini Fundi aliniweza. Asubuhi akipita na ndoo yake ya zana alisimama mlangoni pangu.

"Shikamoo mzee. Bakuli umelificha wapi leo?"

Hiyo ni kwa sababu mimi Mgogo, na sisi tunasingiziwa kwamba kazi yetu ni kuombaomba mijini.

"Marahaba. Nimelificha ndani. Nilimwona Mrangi anakuja, nikajua atalipiga mnada."

Yeye ni Mrangi, na Warangi nao tunawasingizia kwamba huuza kila kitu. Wanawake waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi walicheka, na siku ikaanza vizuri.

Alikuwa na msemo mmoja wa kazini: timazi haina shemeji. Timazi ni kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi, cha kupimia kama ukuta umesimama wima. Mwenye nyumba akimwambia, "Fundi, acha tu, imepinda kidogo, nani ataona?" yeye alijibu hivyo, "Timazi haina shemeji," akabomoa na kuanza upya. Nilimpenda kwa hilo. Mtu asiyependelea hata ukuta wake mwenyewe.

Kisha mji ukakua. Makao makuu yalipohamia huku kwa kweli kweli, si kwa maneno, barabara nazo zikaanza kutafuta pa kupita. Wakaja watu wenye fulana za kung'aa na kopo la rangi nyekundu, wakachora X kwenye nyumba zilizotakiwa kupisha. Mstari wao ulipita kati ya ukuta wake na wangu. Ya kwangu ikapona, ya kwake ikapigwa alama pale pale ubavuni mwa mlango. Siku hiyo alicheka. Alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni, akasema, "Mwalimu kanikosesha hesabu." Walisema taarifa itakuja. Taarifa haikuja. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, tukaacha kuhesabu.

Nyumba nyingine, alama zilipauka kwa jua na mvua, na wenyewe wakashukuru. Ya Fundi haikupauka. Kila masika yakiisha alinunua rangi, akapiga magoti, akaichora upya. Nilidhani amerukwa na akili, nikamwambia hivyo hivyo, sikumzungusha.

"Hapana mzee," akasema bila kugeuka. "Alama ikifutika watasema nyumba hii haikuwemo. Wenzangu watapewa viwanja kwingine, mimi nitabaki na kifusi."

Na kwa kuwa alikuwa fundi, hakuweza kuvumilia ule mchoro wao wa haraka haraka. Alipima pembe, akapiga mistari kwa uzi. X ya nyumba yake ikawa nzuri kuliko zote mtaani. Nilikuwa naiona kila ninapofungua mlango wangu, nyekundu mbichi, imenyooka. Mtu alikuwa anajichorea kaburi, na analichora kwa ustadi.

Baada ya hapo msemo wa timazi sikuusikia tena. Msemo mpya ukawa, "Tusubiri kwanza." Mkewe, ambaye mimi namwita shemeji, alitaka kupanda mpapai uani: tusubiri kwanza. Jino likamuuma Fundi mwenyewe, shavu likavimba: tusubiri kwanza. Sakafu ya chumbani ilikuwa imevunjika, yeye mwenye saruji na mwiko akaruka lile shimo kila siku kama mgeni. Nguo zao zilikaa kwenye mabegi, sahani kwenye maboksi. Shemeji alikuwa anafungua boksi, anapika, anaosha, anafunga boksi. Alinitania siku moja, "Mzee, mimi ni msafiri nisiyepata basi."

Lakini msidhani alikuwa mwoga kwa kila mtu. Kulikuwa na mjane nyumba ya tatu, naye ana alama, naye analia. Fundi alimwendea, akamwambia, "Mama, lala. Hawa watu hawana haraka." Akapanda juu ya paa lake, akapigilia misumari mara mbili ya inayohitajika kwa sababu upepo wa kiangazi huku unajua kung'oa. Akashuka, akanywa maji, akarudi kwake chini ya mawe yake. Hilo sikulielewa. Alikuwa na usingizi wa kugawia watu, wa kwake hakuwa nao.

Masikio yake ndiyo yalianza kuharibika, na kuharibika kwenyewe ni kwa kusikia kupita kiasi. Alijua greda na tipa kwa mlio, katapila alilijua likiwa bado mbali. Mimi nikiwasha mashine ya kusaga alishtuka kila asubuhi, kila asubuhi, mashine ambayo jengo lake alilijenga mwenyewe. Ijumaa moja, watu wakiwa wameshapanga safu msikitini, alisikia muungurumo, akatoka mbio pekupeku mpaka nyumbani. Lilikuwa gari la maji. Shemeji alimkuta amesimama juu ya paa ameshika jiwe, kanzu imechanika, anahema. Tangu siku hiyo alikuwa anaswali mlangoni kabisa, karibu na viatu, na watu wazima wenzake walijifanya hawaoni.

Hasira nayo ikaja, na Fundi hakuwa mtu wa hasira. Alimfokea shemeji kwa kuanika nguo upande wa barabara, eti hataona wanaokuja. Kesho yake akamletea asali ya kwao Kondoa, chupa nzima, akaiweka mezani bila neno. Shemeji aliniambia asali ilikuwa inazidi kuongezeka ndani, naye hapendi vitu vitamu.

Nije kwenye lile la ghala. Nilitaka kujenga ghala la nafaka nyuma ya mashine, nikampa kazi, maana nilisema kazi itamtoa mawazo. Akajenga na wasaidizi wake wawili, watu wazima waliofanya naye miaka. Mimi nilikuwa sipo, nilikwenda Kibakwe kwenye msiba. Niliporudi nikazunguka kuona kazi. Kuta zimefika shingoni, zimenyooka, safi. Fundi yuko ndani, anapanga tofali. Nikazunguka mara ya pili.

"Fundi," nikamwita, "mlango uko wapi?"

Akaniangalia. "Ulisema unataka mlango?"

"Ghala gani halina mlango? Watu watapita wapi, juu kama kuku?"

Wale wasaidizi walikuwa wameinamisha vichwa. Mmoja akasema, "Tulimwambia, mzee. Alisema tusubiri kwanza." Fundi akageuka polepole, akautazama ukuta huu, akautazama ule, na nikaona usoni kwamba ndiyo kwanza anagundua kuwa yuko ndani na hana pa kutokea. Nimeona watu wamekufa, nimeona njaa, sijaona uso kama ule. Alianza kugonga tofali kwa mpini wa mwiko, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Tukamwondolea tofali kadhaa, akatoka.

Baada ya siku hiyo shemeji alinijia. "Mzee, wewe anakusikia. Mpeleke zahanati. Mimi nikimwambia anasema tusubiri."

Alikuwa ameshabadilika mwili. Mikono ya mwashi ilikuwa imekonda, tumbo limetokeza, ilhali chakula hali. Usiku alikuwa anasaga meno mpaka mengine yakameguka. Kidole alichojikata na mwiko kilikuwa hakifungi, kila nikikitazama kibichi vile vile. Mafua yakipita mtaani, kwake yanakaa. Watu walikuwa wameanza kunong'ona mambo ya kurogwa, na mimi, nisiwafiche, nilisema ni uzee umemjia vibaya.

Nikampeleka. Daktari alikuwa binti wa rika la wajukuu zangu. Alipima presha, akapima tena, akahamia mkono wa pili. Akapima sukari. Akakiangalia kidole kwa muda mrefu.

"Mzee wangu, una mawazo?"

"Sina mawazo, daktari," Fundi akasema. "Nina alama."

Binti akanigeukia mimi. Nikamweleza habari yote, ya X na mawe na kusubiri. Kisha nikamwambia ninavyoamini: sisi mwaka wa njaa tulikula mizizi, na hatukuugua mawazo. Hakukasirika.

"Njaa ile ilikuja ikaondoka, babu. Ya huyu haijaja na haijaondoka."

Akatueleza taratibu. Kwamba mtu akikutana na fisi njiani, mwili unajipanga wenyewe. Moyo unakimbia, sukari inamwagwa kwenye damu ili miguu ipate nguvu, tumbo linaacha kazi, hata kidonda kinaambiwa kingoje. Fisi akienda zake, kila kitu kinarudi mahali pake. "Sasa fisi wa huyu amelala mlangoni miaka yote hii," akasema. "Mwili haujui kwamba ni rangi tu ukutani. Unakimbia hata akiwa amekaa kwenye kiti. Mishipa inachoka, usingizi unapotea. Na kichwani, pale panapotunza kumbukumbu panapungua nguvu, pale panapotunza hofu panazidi ukali. Huu ndio tunauita msongo. Si uchawi na si uvivu."

Nilielewa kwa njia yangu. Mashine ya kusaga ukiiwasha, ukaiacha inazunguka bila nafaka, haipumziki kwa kukosa kazi. Inajila. Beringi zinakwisha, na unga hujaupata.

"Vidonge nitakupa," daktari akamwambia, "na utavimeza kila siku. Lakini mzizi wa tatizo sina dawa yake mimi. Wanayo wale wenye rangi."

Fundi alivimeza kwa uaminifu. Presha ikashuka kidogo. Mawe yakabaki juu ya bati.

Halafu, siku ambayo hakuna aliyeitegemea, mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Akasema barabara imebadilishwa, itapita upande wa pili wa korongo. Nyumba zenye alama upande wetu zimesamehewa, watu waendelee na maisha. Wanawake wakapiga vigelegele. Yule mjane akakaa chini kwenye vumbi akacheka kwa sauti. Fundi akanyoosha mkono.

"Na wakibadilisha tena?"

Mwenyekiti akasema hawatabadilisha.

"Walivyochora walisema hivyo hivyo. Walisema hawatabadilisha."

Watu walikuwa wameshaanza kuimba.

Mimi si mtu wa kubembeleza. Kesho yake nilichukua ngazi, nikamwambia Fundi, leo napigilia paa hili, ukitaka unisaidie, hutaki kaa pembeni. Akakaa pembeni. Nikashusha mawe, nikapigilia kila bati, mgongo ukaniuma wiki nzima. Shemeji akapika wali. Usiku ule ulipita, na asubuhi nikatoka nje, nikayaona mawe yamerudi juu. Fundi amekaa kizingitini, ananyoosha misumari.

"Usikasirike, mzee," akasema. "Wewe umenipigilia paa, nikasikia kama umenipigilia mimi."

Sikukasirika. Nilirudi kwangu, nikakaa ndani. Lilikuwa limenijia jambo ambalo sikutaka kulifikiri: kwamba nyumba imesamehewa, mwenye nyumba hakusamehewa.

Daktari akashauri atolewe pale kwa muda. Dada yake anaishi Kolo, chini ya vilima, mahali ambapo kelele kubwa ni ya mbuzi. Akachukuliwa huko. Shemeji akabaki kulinda nyumba, na kwa kweli aliifanyia kazi. Aliita fundi mwingine, paa likapigiliwa. Ukuta ukapigwa chokaa mpaka alama ikazama. Shimo la sakafu likazibwa. Akapanda mpapai. Akafungua maboksi, akapanga sahani kabatini.

Miezi ikapita, dada mtu akapiga simu. Fundi anakula, akasema. Analala. Amenenepa usoni. Anaulizia watu. Njooni.

Shemeji alikuja kwangu amevaa kitenge kipya, ufunguo wa nyumba ameufunga kwenye pindo la kanga aliyojitanda. "Mzee nisindikize. Namrudisha mume wangu nyumbani." Tukapanda basi la Babati, tukashuka Kolo jua likiwa bado changa. Njia nzima alikuwa anazungumzia mpapai.

Dada alitupokea mlangoni, akatushika mikono yote miwili. "Karibuni. Poleni sana na yaliyowapata." Tukaitika, tukidhani anasema ugonjwa.

Fundi alikuwa nyuma ya nyumba, anajenga ukuta mfupi wa zizi. Alitusikia, akageuka bila kushtuka, na hilo tu lilinitosha kufurahi. Uso ulikuwa umejaa. Macho yamekaa mahali pake. Akafuta mikono akaja.

"Shikamoo mzee. Mgogo umepandishwa vilima, magoti yanasemaje?"

"Marahaba. Yanasema Warangi wangeuza na vilima vyenyewe kama wangepata gunia la kuvitia."

Alicheka kile kicheko cha zamani. Kisha akamshika mkewe mkono, akaugeuza juu na chini, kama mtu anayekagua kitu kilichoanguka.

"Hawakukuumiza?"

"Akina nani?" shemeji akauliza.

"Walipobomoa."

Baadaye dada alitueleza kwamba Fundi alifika na habari hiyo tangu siku ya kwanza: wamekuja, wamebomoa, imekwisha. Alilia kutwa nzima kama aliyefiwa. Usiku akalala, asubuhi hakuamka mpaka jua likawa kali. Tangu hapo analala kila siku, na dada aliamini, kwa nini asiamini. Lakini pale kwenye zizi mimi na shemeji hatukuwa tumeambiwa lolote. Tulikuwa tumesimama tu, na yeye anatutazama anangoja jibu.

Nikauona mkono wa shemeji ukienda kwenye pindo la kanga, penye ufunguo. Ukalishika lile fundo, ukatulia hapo. Mimi maneno yalikuwa yamefika menoni: Fundi, nyumba yako imesimama, nyeupe, imepigiliwa, twende. Mimi ndivyo nilivyo, na sijawahi kuona sababu ya kuwa vingine. Basi nikakiona kidole chake. Kidonda kilikuwa kimefunga. Ngozi mpya, laini, ya mtoto.

"Hawakuniumiza," shemeji akasema. "Walinipa muda. Nikatoa vyombo vyote."

"Viko wapi?"

"Kwa mzee."

Wakanigeukia wote wawili.

"Viko kwangu," nikasema. "Vyote. Hata kinu."

"Alhamdulillahi," Fundi akasema, na mabega yake yakashuka. Sikuwa najua kwamba miaka yote ile alikuwa ameyabeba juu. Akamwomba dada yake chai.

Shemeji hakurudi nami. Alinisindikiza mpaka kituoni, akafungua pindo, akanipa ufunguo. Hakulia. Aliniambia mpapai unamwagiliwa jioni, mchana majani yanaungua.

Mimi neno langu likishatoka halirudi tumboni. Nilipofika Nkuhungu nilikodi mkokoteni, nikafungua nyumba ya jirani yangu, nikaanza kutoa vyombo. Sahani, sufuria, kitanda, kinu. Mwenye mkokoteni alikuwa mtu mzima, mgeni mtaani. Alisimama uani akatazama chokaa, akatazama paa.

"Nyumba nzuri hii, mzee," akasema. "Mbona mnahamisha? Wanabomoa?"

"Walishabomoa," nikamwambia. "Shika upande huo, tuinue."